Nani Anaamua Kipimo Kipi Kitupwe?

Kila mwaka, unapofika msimu wa mikutano mikubwa ya tabianchi, wawakilishi wa nchi zetu hudai mambo mawili: fedha na haki. Ni madai halali. Bara lililochangia sehemu ndogo sana ya gesijoto zilizorundikana angani lina kila sababu ya kuuliza nani atagharamia ukame wake na mafuriko yake. Lakini lipo dai la tatu ambalo sijalisikia likitamkwa kwa sauti ileile, nalo ni dai la hesabu. Nani anapima kinachotoka katika mabwawa, majaruba na mazizi yetu? Na baada ya kupima, nani anakaa na tarakimu zile na kuamua ipi ihesabiwe na ipi itupwe?

Makala haya yanahusu zaidi swali hilo la mwisho. Nitalijadili kupitia gesi moja, methane, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo katika kufundisha na kusimamia tafiti za wanafunzi, na kwa sababu ndani yake siasa ya kipimo huonekana waziwazi.

Methane haina rangi wala harufu. Hudumu angani kwa muda mfupi, takribani miaka 12, ilhali sehemu ya hewa ya ukaa hubaki huko kwa karne nyingi. Hata hivyo, katika muda huo mfupi ukali wake ni mkubwa: ukipiga hesabu ya miaka 20, tani moja ya methane huipasha dunia joto takribani mara 80 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, katika kila molekuli bilioni moja za hewa, zile za methane zilikuwa kama 720. Leo zimepita 1,900. Ndiyo maana mwaka 2021, kule Glasgow, ilizinduliwa ahadi ya kimataifa ya kupunguza methane inayotokana na shughuli za binadamu kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango cha mwaka 2020. Zaidi ya nchi 150 zimejiunga nayo.

Katika nchi za viwanda, sehemu kubwa ya mjadala wa methane huhusu mabomba ya gesi, migodi ya makaa ya mawe na madampo. Kwetu sura yake ni nyingine: ng'ombe anayecheua, jaruba la mpunga lililojaa maji, bwawa la mafunjo. Hivi si vitu vya anasa. Ni wali, ni maziwa, ni mahari, ni ada ya shule. Hesabu ikikosewa kwenye kisima cha gesi huko Texas, kampuni itaajiri mawakili. Ikikosewa Kilombero, mkulima wa ekari mbili hatajua hata kwamba amehesabiwa.

Wala tusidhani kwamba macho ya dunia hayapo huku. Watafiti wanaotumia setilaiti wamelitaja bwawa kubwa la Sudd, Sudan Kusini, pamoja na ardhioevu za Afrika Mashariki, kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoongeza methane angani, hususan baada ya mvua kubwa za mwaka 2019. Lakini setilaiti huona gesi iliyokwisha kupanda. Ili kujua imetoka wapi hasa na kwa nini, ni lazima mtu apime chini, penye tope. Hapo ndipo pengo letu linapoonekana. Ulimwengu wa sayansi ulipokusanya kwa mara ya kwanza vipimo vya methane vya minara ya nchi mbalimbali katika hazina moja iitwayo FLUXNET-CH4, vilipatikana vituo 81. Afrika iliwakilishwa na bonde la Okavango, Botswana, kwa vituo viwili. Afrika Mashariki haikuwa na hata kimoja.

Wengi wakisikia habari hiyo hukimbilia jibu la haraka: tununuliwe vifaa. Vifaa vinahitajika, sikatai. Lakini naomba msomaji afuatane nami hadi ndani ya kazi yenyewe, kwani huko ndiko nilikojifunza kwamba kifaa ni nusu ya safari, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Zipo njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni ya mnara. Juu ya mnara hufungwa kifaa kinachopima upepo unaopanda na kushuka, na pembeni yake kifaa kinachopima methane, vyote vikisoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Hewa inayopanda ikiwa na methane nyingi kuliko inayoshuka, maana yake ardhi inatoa gesi. Kwa kusoma mara 10 kwa sekunde, nusu saa moja huzaa mistari 18,000 ya tarakimu, na siku moja mistari 864,000. Kutokana na msitu huo wa tarakimu, mtaalamu hutafuta namba moja kwa kila nusu saa, yaani 17,520 kwa mwaka.

Kati ya mistari ile na namba ile moja kuna ngazi ndefu. Huondolewa miruko isiyoeleweka, ambayo huenda imesababishwa na tone la mvua au mdudu aliyetua kwenye kifaa. Hurekebishwa mwelekeo wa upepo, kwa kuwa mnara hausimami wima kikamilifu na ardhi haikulala sawa. Huoanishwa muda, kwa maana hewa iliyopita kwenye kifaa cha upepo huchelewa kidogo kufika kwenye kifaa cha gesi. Hufanyika sahihisho la uzito wa hewa, kwa kanuni iliyoandikwa na Webb, Pearman na Leuning mwaka 1980, kwa sababu joto na mvuke huipunguzia hewa msongamano na kumdanganya mpimaji. Halafu hutazamwa usiku mtulivu, upepo unapolala na gesi kujikusanya chini bila kufika kwenye kifaa: vipimo vya saa hizo huondolewa, lakini mpaka wa utulivu unaokubalika huwekwa na mtu, kwa kila mahali pake. Mwisho hujazwa mapengo yote yaliyobaki. Kwa hewa ya ukaa, mwanga wa jua hueleza mengi, hivyo kujaza pengo si kazi ngumu sana. Methane haitii jua kwa namna hiyo. Hufuata joto la udongo, kina cha maji, aina ya mimea, na mambo mengine ambayo asiyepafahamu mahali hawezi kuyakisia.

Njia ya pili ni ya kasha. Unaweka kasha juu ya mpunga, unalifunga lisipitishe hewa, kisha unavuta sampuli kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa. Methane ikiongezeka taratibu, alama zako zitapanga mstari ulionyooka, na mwinuko wa mstari huo ndio kipimo. Njia hii ni ya gharama nafuu, na ndiyo wanayoitumia wengi wa wanafunzi wetu. Nayo pia ina uamuzi wake. Mstari usiponyooka, ufanyeje?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alipima majaruba ya mpunga kwa njia hii msimu mzima. Sampuli zilipelekwa ng'ambo kwa mshirika wa mradi, ambaye pia alipewa jukumu la kuchakata data. Jedwali liliporudi, vipimo vingi vya wiki ambazo maji yalikuwa ya kina kirefu havikuwamo. Mbele ya kila kilichoondolewa palikuwa na neno moja tu: hitilafu. Binti yule alikuja ofisini na daftari lake la shambani, kurasa zimejaa madoa ya tope, akasema, "Mwalimu, hizi si hitilafu. Nilikuwepo. Niliviona viputo vikipanda."

Alikuwa na hoja. Methane hutoka jarubani kwa njia tatu: hupenya majini polepole, hupitia ndani ya mashina ya mpunga kama moshi katika bomba, au hupanda ghafla ikiwa viputo. Kiputo kikipasuka ndani ya kasha, alama inaruka, na mstari hauwezi kunyooka tena. Kanuni inayosema mstari usionyooka utupwe ni kanuni nzuri pale kasha linapovuja. Penye viputo, kanuni hiyohiyo hutupa gesi halisi na kuacha wastani wa kupendeza usio wa kweli.

Baada ya barua nyingi, tulifanikiwa kuketi kwa njia ya mtandao na kijana aliyechakata data ile. Alikuwa mstaarabu na hodari, na tangu azaliwe hakuwahi kusimama ndani ya jaruba. Alifuata mwongozo aliopewa. Wakaanza kupitia kipimo kimoja baada ya kingine, yeye na mchoro wake, binti na daftari lake. Vingine vilirudishwa, vikawekwa katika fungu la viputo na kuhesabiwa kwa namna yake. Vingine binti mwenyewe aliviondoa, kwani daftari lilionyesha kwamba saa ile ubao wa kukanyagia ulikuwa umezama, na uzito wa mtu aliyesimama kando ya kasha unaweza kuyakamua matope yakatoa viputo ambavyo visingetoka vyenyewe. Mwisho wa kazi hapakuwa na mshindi. Palikuwa na jedwali ambalo kila kilichobaki na kila kilichotoka kilikuwa na sababu iliyoandikwa.

Naomba tuelewane hapa. Sisemi kwamba mgeni hukosea na mwenyeji hupatia. Daftari lile lilitoa ushahidi wa kurudisha vipimo, na likatoa pia ushahidi wa kuvitupa. Ninachosema ni kwamba ubishi ule wa saa kadhaa ndio uliokuwa sayansi, na usingewezekana kama upande mmoja ungekuwa haujui kuchakata. Binti aliweza kubisha kwa sababu alijifunza kuusoma mchoro. Asingejua, angebaki na malalamiko tu, na malalamiko hayaingii kwenye jedwali.

Historia yetu inao mfano wa hali hii. Kati ya mwaka 1909 na 1913, huko Tendaguru, Lindi, mamia ya vibarua walichimba mifupa ya mijusi wakubwa na kuibeba hadi pwani, ikasafirishwa kwenda Berlin. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyeujua mfupa ungali udongoni. Lakini mifupa iliunganishwa Berlin, ikaelezwa Berlin, na mwaka 1914 mjusi maarufu kuliko wote akapewa jina la kisayansi kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya huko. Mara kwa mara tunadai mjusi arudishwe. Sisikii tukiuliza kwa nini kazi ya kuunganisha na kueleza ilitengwa na kazi ya kuchimba.

Data ya leo ina tofauti moja na mifupa ile, na tofauti hiyo hutupumbaza. Hakuna anayeinyima. Hazina nyingi za vipimo ziko wazi, na programu nyingi za kuchakata hupatikana bila malipo. Tunaambiwa: chukueni, ni ya wote. Ni kweli. Bahari nayo ni ya wote, lakini samaki ni wa mwenye chombo na mwenye kujua kukiendesha.

Ndiyo maana mafunzo ya kuchakata data ni suala la siasa, si suala la wataalamu peke yao. Na ndiyo maana inanisikitisha namna tunavyoyaendesha. Wengi wenu mnaifahamu warsha ya siku tatu. Siku ya kwanza ni ufunguzi, mgeni rasmi na picha ya pamoja. Siku ya pili ni kupakua programu, intaneti ikikatika. Siku ya tatu ni zoezi la data safi iliyoandaliwa tayari, mara nyingi kutoka kwenye mboji za Ulaya ya kaskazini ambako ardhi huganda miezi kadhaa kwa mwaka, kisha cheti na posho. Mshiriki anarudi kituoni kwake akiwa amejifunza kubofya. Hajajifunza kuamua, kwa sababu data safi haina cha kuamuliwa.

Mafunzo yenye maana yangekuwa na sura nyingine. Kwanza, mwanafunzi aje na data ghafi ya mahali anapopafahamu, pamoja na hitilafu zake zote: umeme uliokatika, ng'ombe aliyejikuna kwenye mnara, mvua iliyofurika kifaa. Pili, yadumu msimu mzima wa mvua na kiangazi, kwa vikao vifupi vinavyorudi, kwa maana bwawa la Machi silo bwawa la Septemba. Tatu, fundi wa shambani aketi meza moja na mchakataji. Yule anayefuta kioo cha kifaa kila wiki anajua mambo ambayo hayamo katika faili. Nne, kila uamuzi uandikwe pamoja na sababu yake, ili atakayekuja baada ya miaka kumi aweze kuupinga. Sharti hili la nne halihitaji mfadhili. Linahitaji daftari na nidhamu.

Sharti la tano ni gumu zaidi, nalo liko mikononi mwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya. Ni ajira. Nimewaona vijana waliofuzu vizuri kazi hii wakiishia kuuza vifaa vya ofisini, au wakienda ng'ambo kuchakata data ya mabwawa ya wengine. Miundo yetu ya utumishi inamjua mtafiti na inamjua fundi sanifu wa maabara. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuitunza, kuichuja na kuitetea data ya taifa hana cheo kinachomtosha, kwa hiyo mradi ukifungwa naye anafungwa. Huko Yangambi, jirani na Kisangani, nchini Kongo, taasisi ya INERA kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Ghent imesimamisha mnara wa mita 55 unaopima pumzi ya msitu. Ni jambo la kujivunia ukanda mzima. Lakini swali la kuuliza kuhusu mnara huo, na kuhusu wowote utakaosimamishwa kwetu, halihusu urefu wake. Tuulize ni wenyeji wangapi watakaokuwa wakilipwa mshahara wa kudumu kuusoma ufadhili utakapokwisha.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo ya wasomi peke yao na atazame hesabu ya mifugo. Chini ya Mkataba wa Paris, ripoti za kwanza za uwazi za nchi zilitakiwa kufikia tarehe 31 Desemba 2024. Nchi isiyo na vipimo vyake huruhusiwa kutumia jedwali la jumla. Katika miongozo ya mwaka 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa alikadiriwa kutoa kilo 31 za methane kwa mwaka. Watafiti waliopima uzito wa ng'ombe na ubora wa malisho kwa wafugaji wadogo wa Nyando, magharibi mwa Kenya, walipata viwango vya chini kuliko vya jedwali kwa ng'ombe wakubwa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kila kilo moja ya kosa kwa kila ng'ombe ni tani 30,000 za methane zinazoandikwa au kufutwa kwa jina la nchi, bila ng'ombe hata mmoja kubadili alichokula.

Vivyo hivyo katika mpunga. Kilimo shadidi, ambacho jaruba huloweshwa na kukaushwa kwa zamu, hupunguza methane kwa kiasi kikubwa, na tayari kinajulikana kwa wakulima wa Mwea na wa Morogoro. Tangu mwaka 2022 Tanzania inazo kanuni za biashara ya kaboni. Mnunuzi wa kaboni atakapokuja na mkataba wa methane ya mpunga, atakuja na hesabu yake ya kiasi kilichokuwa kikitoka awali na kiasi kilichopungua, na malipo ya mkulima yatategemea tofauti ya namba hizo mbili. Hesabu ya awali iliyotupa viputo vyote itakuwa ndogo kuliko ukweli, na mkulima atapunjwa. Iliyohesabu hata viputo vilivyokamuliwa na miguu ya mpimaji itakuwa kubwa kuliko ukweli, na siku ukaguzi utakapofika mradi utaanguka, mkulima akiwa wa kwanza kuumia. Katika hali zote mbili, atakayemlinda ni mtu wa upande wake awezaye kusema: nionyesheni data ghafi, na mnionyeshe mlichokitupa.

Wanaharakati wenzangu, mnapodai uwazi katika mikataba ya kaboni, dai hilo liingie kwenye orodha yenu. Wanafunzi, mnapochagua mada za tasnifu, msiishie kukusanya sampuli na kumwachia mwingine furaha ya kuzielewa. Na ninyi mliomo wizarani na katika tume za mipango, mnaposaini makubaliano ya utafiti, ongezeni kifungu kimoja: kwamba hakuna kipimo kilichochukuliwa katika ardhi hii kitakachochakatwa bila mtaalamu wa hapa kushiriki katika kila hatua, na kwamba data ghafi itabaki kwetu mahali inapoweza kusomwa. Kifungu hicho hakitagharimu mengi. Kitakachogharimu ni kuwaandaa watu wa kukitekeleza, na watu hao hawaandaliwi kwa siku tatu.